Bibi, mdogo wake na koti la shule: uchambuzi wa kisa cha kumbukumbu za utoto mjini Salford

Wahusika, na kwa nini kisa hiki

Kisa hiki kimetoka kwenye kazi ya kurekodi masimulizi ya wazee mjini Salford, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kazi ninayoifanya pamoja na wenzangu wa maktaba na wa hifadhi ya nyaraka. Wahusika ni ndugu wa tumbo moja. Dada alizaliwa 1938, na humu nitamwita Bibi. Mdogo wake wa kiume alizaliwa 1943, naye nitamwita Mzee. Wote wawili wameridhia kisa chao kitumike kufundishia, mradi tusitaje jina la mtaa wao, la shule, la kanisa wala la viwanda walivyofanyia kazi. Mambo machache yasiyogusa kiini tumeyabadilisha.

Ninakiandika kwa sababu siku hizi wengi wetu tunawarekodi wazee wetu kwa simu, tukienda nyumbani likizo au msibani. Tunaweka simu mezani, tunamuuliza babu, "Hebu tueleze, maisha yenu ya utotoni yalikuwaje?" Swali hilohilo ndilo lililotukwamisha hapa, na namna lilivyotukwamisha inafaa kuangaliwa hatua kwa hatua. Ndugu hawa walilelewa nyumba moja, na kwa miaka kadhaa walilala kitanda kimoja. Lakini utoto wa mmoja ukiuweka kando ya utoto wa mwenzake, utadhani wametoka miji miwili tofauti.

Usuli: mtaa na nyakati zake

Salford na Manchester zimetenganishwa na mto Irwell tu. Bahari iko mbali, lakini mfereji wa meli uliofunguliwa 1894 uliupa mji huu bandari, na kando ya mfereji huo kuna Trafford Park, eneo lililojaa viwanda. Baba wa ndugu hawa alikuwa mpakuzi wa meli bandarini. Mama alifagia ofisi alfajiri, akarudi nyumbani kabla watoto hawajaenda shule.

Nyumba zao zilijengwa kwa mstari, ukuta mmoja ukigawanya familia mbili, mlango wa mbele ukifunguka moja kwa moja kwenye njia ya miguu. Vyumba viwili chini, viwili juu. Bomba moja la maji baridi jikoni. Choo kilikuwa uani, na karatasi yake ni magazeti yaliyokatwa vipande na kutungwa kwenye kamba. Beseni refu la bati lilitundikwa ukutani nje. Siku ya kuoga lilishushwa, likawekwa mbele ya moto wa makaa ya mawe, na maji yaleyale yakapita mtu hadi mtu. Gesi ililipiwa kwa mita yenye tundu la kutumbukiza sarafu, kama LUKU ya siku hizi, ila ya peni: sarafu ikiisha, moto unazimika na chakula kimebaki kibichi.

Mabomu ya Desemba 1940, siku chache kabla ya Krismasi, yaliiharibu Salford vibaya pamoja na Manchester. Miaka kumi baadaye bado kulikuwa na mapengo katika mistari ya nyumba, yamejaa vifusi na magugu. Hivyo ndivyo vilivyokuwa viwanja vya michezo vya watoto.

Msomaji asidhani kwamba vita vilipoisha 1945 dhiki nayo iliisha. Mgao wa serikali uliendelea: kila mtu alikuwa na kitabu au kadi, na aliweza kununua kiasi alichopangiwa tu. Mkate, ambao wakati wa vita haukuwahi kugawiwa kwa kadi, ulianza kugawiwa Julai 1946, vita vimekwisha, na ukaendelea hivyo hadi Julai 1948. Nguo ziliondolewa kwenye mgao 1949. Nyama ilikuwa ya mwisho, Julai 1954. Katikati ya hayo kulikuja majira ya baridi ya 1947, theluji kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi, makaa hayafiki, umeme unakatwa, viwanda vinafungwa.

Lakini miaka hiyohiyo serikali ilianza kuonekana jikoni kwa maskini kwa namna ambayo wazazi wao hawakuijua. Mwaka 1946 ilianza posho ya familia, shilingi 5 kwa wiki kwa kila mtoto baada ya yule wa kwanza, na mama ndiye aliyeichukua posta. Mwaka huohuo maziwa ya shule yakawa bure, theluthi ya painti kwa kila mtoto kila siku. Tarehe 5 Julai 1948 matibabu yakawa bure kwa wote. Kabla ya hapo bima ya serikali ilimtazama mfanyakazi mwenyewe. Mke na watoto hawakuwemo, na akina mama wengi waliugua kimya.

Jambo la mwisho katika usuli ndilo lenye uzito kwa kisa chetu. Sheria ya elimu ya 1944 iliondoa ada katika sekondari za serikali. Mtoto akikaribia miaka 11 alifanya mtihani. Waliofaulu, kati ya asilimia 20 na 25 hivi kwa nchi nzima, walipata nafasi shule ya grama, njia ya kwenda kwenye kazi za ofisini na chuo kikuu. Waliobaki walipelekwa sekondari za kawaida, na tangu 1947 waliruhusiwa kuacha shule wakifika miaka 15. Ada ilifutwa, sawa. Sare haikufutwa.

Kikao cha kwanza: ndugu pamoja

Familia ndiyo iliyoomba ndugu wahojiwe pamoja. Mjukuu mmoja alisema wakiwa pamoja wanacheka sana. Tulikubali, kwa kuwa wazee wengi huogopa kinasa sauti na ndugu akiwepo hofu hupungua. Tulitumia picha moja ya familia iliyopigwa mtaani siku ya kutawazwa Malkia Elizabeth, Juni 2, 1953.

Mzee alizungumza karibu muda wote. Alizungumza vizuri mno, na hilo lilipaswa kuzingatiwa tangu mwanzo, kwa sababu masimulizi yanayotoka bila kukwama kwa kawaida yamekwisha kusimuliwa mara nyingi. Alieleza milango isiyofungwa mchana kutwa. Alieleza akina mama wote wa mtaa walivyokuwa mashangazi: ukikosea kwa huyu unachapwa, ukifika kwenu umeshasemewa, unachapwa tena. Kamba ilifungwa kwenye nguzo ya taa ya barabarani ikawa bembea. Mpira ulichezwa barabarani, lindo akiwekwa kona kumwangalia polisi. Wiki kadhaa kabla ya Novemba 5, usiku ambao Waingereza huwasha mioto mikubwa nje, watoto walikusanya mbao kwenye vifusi na kuzilinda zisiibwe na watoto wa mtaa wa pili. Na kila alipomaliza kipande alirudia sentensi moja: hatukuwa na kitu, lakini hatukupungukiwa na kitu.

Bibi aliitikia. Alicheka palipohitaji kucheka. Mara moja tu alitia neno lake: Mzee aliposema siku ya Malkia jua liliwaka na meza zikapangwa barabarani, Bibi alisema, "Mvua ilinyesha, mdogo wangu. Meza tulizihamishia ukumbi wa kanisa." Mzee akaendelea kana kwamba hakusikia. Siku ile inajulikana kwa baridi na mvua, na kwenye picha iliyokuwa mezani watu wazima wote wamevaa makoti.

Tuliposikiliza kanda baadaye tuliona kwamba tuna saa nzima na zaidi ya masimulizi mazuri, lakini Bibi hayumo. Yaani hata katika hadithi za mdogo wake hakuwemo. Mtoto wa kike wa miaka tisa, kumi, kumi na moja, aliyeishi nyumba ileile, hakutajwa mahali popote akifanya chochote.

Uamuzi wa kuwatenganisha

Tuliamua kurekodi kila mmoja peke yake, na kubadilisha namna ya kuuliza. Kwanza, hakuna picha: picha za familia hizi zilipigwa siku za sherehe, kwa hiyo zinavuta masimulizi ya sherehe. Pili, hakuna swali la "ilikuwaje". Badala yake tuliuliza juu ya siku na saa na mikono: Jumatatu asubuhi nani aliamka kwanza, akashika nini? Tatu, tulichukua vitu halisi kutoka kwenye sanduku la vielelezo la hifadhi, vikiwemo kitabu cha mgao cha rangi ya buluu, aina waliyopewa watoto wa miaka 5 hadi 16, na tofali dogo la jiwe la kusugulia kizingiti.

Hilo jiwe linahitaji maelezo. Wanawake wa Lancashire, jimbo ambalo Salford ilikuwamo wakati huo, walisugua ngazi ya mlango wa mbele kwa maji, kisha wakapaka ukingo wake kwa jiwe hilo laini, jeupe au rangi ya malai au ya kahawia, hadi ukingo ung'ae. Muuza chakavu alipita na mkokoteni wake, ukampa matambara, akakulipa jiwe. Ngazi isiyosuguliwa ilikuwa tangazo kwamba nyumba hiyo mama yake amechoka au hajali, na mtaa mzima ulisoma tangazo hilo.

Bibi peke yake

Tulimpa Bibi jiwe bila kumuuliza kitu. Alilishika kwa vidole vitatu, si kwa kiganja kama tulivyolishika sisi, akalipitisha kwenye ukingo wa meza kwa mkupuo mmoja mrefu. Akasema ukinyanyua mkono katikati ya mstari alama inabaki, na jirani wa mbele ataiona.

Baada ya hapo hatukuwa na kazi kubwa ya kuuliza. Mama alikuwa ofisini kwa watu akifagia, kwa hiyo ngazi ilikuwa ya Bibi tangu akiwa na miaka tisa, kabla ya shule. Kupanga foleni kwa kitabu cha mgao ilikuwa kazi yake. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua nchini kote, lakini kabla ya kufua kulikuwa na safari nyingine: suti ya baba ilifungwa kwenye karatasi ikapelekwa dukani kuwekwa rehani, na Ijumaa baba akilipwa ikakombolewa ili aivae Jumapili. Mama aliona aibu kuonekana kule, basi alimtuma binti, naye alipita uchochoro wa nyuma. Mzee katika kikao cha kwanza alikuwa ameisifia suti hiyohiyo: baba alivyopendeza kanisani.

Tulimuuliza alicheza nini. Alicheza kamba na wenzake, akasema, lakini mkono mmoja kwenye mkokoteni wa mtoto. Mtoto huyo ni Mzee. Katika michezo ya Bibi, mdogo wake alikuwa mzigo.

Na milango isiyofungwa? Hapo Bibi alitabasamu. Milango haikufungwa kwa sababu ndani hakukuwa na cha kuiba, isipokuwa kimoja: kisanduku cha sarafu cha mita ya gesi. Chao kilivunjwa wakati mmoja, na familia ikalazimika kulipa gesi ileile mara ya pili. Alikumbuka vilevile siku ya mkaguzi wa mita, anavyomwaga peni mezani, anazipanga vichuguu vichuguu, na akimaliza hesabu anamrudishia mama zile zilizozidi. Peni hizo ndizo pekee, alisema, ambazo mama alizitumia bila kuuliza mtu.

Suala la shule lilikuja kwa mlango wa nyuma. Tuliuliza kazi hizi za nyumbani alizifanya hadi lini. Akajibu: hadi nilipoanza kazi ya mshahara. Tukauliza wenzake wa darasani wakati huo walikuwa wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema wawili walikuwa shule ya grama, na yeye alikuwa wa tatu aliyefaulu.

Alifaulu 1949. Barua ilikuja pamoja na orodha ya sare: koti, kofia, soksi za rangi ya shule, mkoba wa ngozi, viatu vya michezo. Baba alisema binti ataolewa, fedha hiyo itakuwa imepotea. Mama hakusema kitu mezani. Baadaye, wakiosha vyombo, alimwambia kwamba si sare tu. Huko atakaa hadi miaka 16 au zaidi, na nyumba haiwezi kungoja mshahara wake kiasi hicho. Bibi alikwenda sekondari ya kawaida, akaacha 1953 akiwa na miaka 15, akaanza kushona makoti ya mvua, kazi iliyoajiri wanawake wengi wa Manchester na Salford. Kila Ijumaa alimkabidhi mama bahasha ya mshahara haijafunguliwa, kama ilivyokuwa desturi, akarudishiwa pesa ya mfukoni.

Mwaka 1954 Mzee naye alifaulu. Safari hii orodha ya sare haikukataliwa. Koti lilikopwa dukani na kulipwa kidogo kidogo kila wiki, na fedha hiyo ilitoka kwenye bahasha ya Bibi.

Mzee hakujua lolote kati ya haya. Bibi alituruhusu tuyahifadhi, lakini sehemu ya mtihani na koti ifungwe hadi afariki dunia. "Atasikia nikiwa sipo," alisema.

Mzee peke yake

Kikao cha Mzee kilikuwa kifupi katika kueleza lakini si katika thamani. Kitabu cha mgao kilimpa jambo moja tamu. Alieleza siku peremende zilipoachiwa huru: watoto wakatoka shuleni mbio, duka likaisha mitungi yote, kisha zikapotea tena. Tuligundua ameunganisha siku mbili. Peremende ziliachiwa Aprili 1949, zikanunuliwa kwa pupa hadi serikali ikazirudisha kwenye mgao Agosti, na kuachiwa moja kwa moja Februari 1953. Alikuwa na miaka mitano au sita safari ya kwanza, na tisa au kumi safari ya pili. Kichwani mwake imekuwa siku moja.

Kuhusu shule ya grama alisema mama alijinyima ili yeye apate koti. Alisema pia jambo ambalo hakulisema mbele ya dada yake. Kila jioni akirudi, alivua koti na kofia kabla ya kuingia mtaani, akavificha kwenye mkoba, kwa kuwa watoto aliokuwa akilinda nao mbao za moto sasa walimpiga mawe. Ile milango isiyofungwa, kwa maneno mengine, ilimfungia yeye akiwa na miaka 11.

Kikao cha pili cha pamoja

Tuliwakutanisha tena kwa kazi moja tu: ramani kubwa ya zamani ya mtaa, inayoonyesha kila nyumba. Mtaa wenyewe ulibomolewa miaka ya 1960 na mama akahamishiwa ghorofani. Tulitaka waonyeshe duka gani lilikuwa wapi. Tulijadiliana kama kikao hiki ni cha hatari kutokana na tulichokuwa tumekisikia kwa Bibi. Tulimuuliza yeye, akasema ramani haina siri.

Walifanya kazi nzuri sana. Waligombana juu ya kona, wakakumbushana majina, wakaweka choo cha jirani mahali pake. Kisha Mzee akaweka kidole kwenye duka moja akasema, "Hapa ndipo mama aliponinunulia koti."

Bibi akasema, "Hapo ndipo mimi nilipokununulia koti."

Akaeleza yote kwa sentensi chache, bila kupandisha sauti. Mzee aliomba kinasa sauti kizimwe. Tukakizima papo hapo. Baada ya muda aliuliza kama kuna karatasi yoyote inayothibitisha kwamba dada yake alifaulu.

Yaliyofuata na matokeo

Tulitafuta. Rejista za shule za grama zinaonyesha walioingia. Zile tulizoziona haziandiki waliopewa nafasi wakaikataa, na familia haikuhifadhi barua. Kwa hiyo kumbukumbu ya Bibi haina karatasi, na ya Mzee inayo, kwa sababu jina lake limo kwenye rejista. Hilo si jambo dogo kwa anayetegemea nyaraka: aliyezuiwa mlangoni haachi alama kwenye daftari la walioingia.

Mzee alitaka kuondoa rekodi yake yote ya kwanza, akisema imekuwa uongo. Tulimwomba asubiri, na tukamweleza kwamba uamuzi ni wake na hautahitaji sababu. Mwishowe alichagua kuiacha kama ilivyo na kurekodi nyongeza fupi. Katika nyongeza hiyo hakukanusha kitu. Alisema milango kweli haikufungwa, na mioto kweli iliwashwa, na kwamba hakuwahi kujiuliza nani alikuwa akisugua ngazi aliyokuwa akiiruka asubuhi.

Bibi aliondoa sharti la kufunga sehemu yake, kwa kuwa siri haikuwepo tena, lakini akaweka jipya: habari za suti na rehani zisitumike kwenye maonyesho ya hadhara. Zaidi ya miaka 60 baadaye, hiyo ndiyo aibu iliyobaki hai. Ya shule haikuwa aibu yake. Kwenye uchambuzi huu ameziruhusu, kwa kuwa mtaa hautajwi.

Maonyesho yalifanyika maktabani. Tuliweka maneno ya Mzee kuhusu milango na maneno ya Bibi kuhusu mita ya gesi ubao mmoja, ukubwa mmoja. Wazee kadhaa waliotembelea walikasirika, wakasema tunawafanya watu wao wezi. Wengine, wengi wao wanawake, walisimama mbele ya ubao huo wakaanza kuhesabiana mita zilizovunjwa kwao.

Uchambuzi

Kilichofaa kuliko vyote ni kuuliza juu ya kazi. Swali la "utoto ulikuwaje" linamwomba mzee atoe hukumu, na hukumu huwa ameshaitoa zamani, ameipiga msasa kwa wajukuu na kwa marafiki wa baa. Swali la nani alishika nini Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi halina jibu lililotayarishwa. Linamlazimu arudi jikoni. Na kwa kuwa kazi za nyumba katika mitaa hii zilikuwa za wanawake na mabinti, swali hilo ndilo linalowaingiza kwenye kanda. Ukiuliza juu ya michezo utapata wavulana.

Kitu cha kushika mkononi kilifaa zaidi ya picha, lakini si kila kitu. Kitabu cha mgao kilileta tarehe na mkorogo wa tarehe. Jiwe lilileta mwili: vidole vilikumbuka kabla ya mdomo. Nafikiri tofauti ni kwamba kitabu alikitumia karani wa dukani, jiwe alilitumia yeye.

Kuwahoji pamoja mwanzoni hakukufaa, ila tusilaumu kikao cha pamoja chenyewe. Kikao cha ramani kilikuwa cha pamoja na kilitoa habari ambazo hakuna mmoja wao angezitoa peke yake, kwa sababu mabishano juu ya kona ya barabara hayamwaibishi mtu. Tatizo la kikao cha kwanza lilikuwa mpangilio: aliyezoea kusimulia alitangulia, na dada mkubwa, ambaye maisha yake yote alimpisha mdogo wake, alimpisha tena. Anayeanza na mahojiano ya mmoja mmoja, kisha akawakutanisha juu ya ramani, anapata faida zote mbili.

Suala la siri lilikuwa gumu, na wenzangu bado hawakubaliani nalo. Mmoja anaona tusingewakutanisha tena kabisa baada ya kusikia habari ya koti. Mimi naona hilo lingekuwa kumwamulia Bibi. Alijua duka la koti limo kwenye ramani ile. Alikuwa mtaani humo kabla yetu. Ninachokubali ni kwamba Mzee hakuandaliwa, na hakukuwa na namna ya kumwandaa bila kuvunja ahadi kwa dada yake. Kilichomnusuru ni kwamba kinasa sauti kilizimwa mara moja alipoomba, na kwamba hakuna aliyemharakisha kuamua juu ya rekodi yake.

Nionye pia dhidi ya kishawishi cha kuitawaza kumbukumbu ya Bibi kuwa ndiyo kweli na ya mdogo wake kuwa hadithi. Bibi naye anakosea. Aliiweka theluji kubwa katika mwaka wa mtihani wake, 1949, ilhali ilikuwa 1947. Dhiki mbili zimesogeleana kichwani mwake kama furaha mbili za peremende zilivyosogeleana kichwani mwa Mzee. Na Mzee alilipa gharama yake: koti lile lilimtoa mtaani. Mtu anayepigwa mawe na marafiki zake akiwa na miaka 11 ana sababu ya kuishi akiusifia mtaa wa kabla ya hapo. Sifa zake zinahusu kipindi cha kama miaka mitano, na ni za mtoto aliyekuwa hajafika umri wa kutumwa.

Je, madai ya Bibi juu ya mtihani yanaaminika bila karatasi? Kwa maoni yangu ndiyo, kwa sababu yanakaa sawa na mambo yanayojulikana. Katika maeneo mengi nafasi za wasichana zilikuwa chache, na alama za kuwaingiza zikapandishwa. Serikali yenyewe ilichapisha 1954 ripoti juu ya watoto wanaoacha shule mapema, na ikaonyesha kwamba watoto wa vibarua walikuwa wakipotea hata baada ya kufaulu. Mfumo wa mtihani huo ulianza kuvunjwa rasmi 1965, serikali ilipozitaka halmashauri ziunganishe sekondari zake. Familia hii haikuwa ya ajabu.

Kwa wanaotaka kuanza kazi kama hii, mabadiliko tuliyoyafanya baada ya kisa hiki ni machache. Fomu yetu ya ridhaa sasa inamuuliza kila mhusika kama kuna ndugu aliye hai ambaye hangependa asikie sehemu fulani, na inauliza hivyo kabla ya kurekodi na tena baada ya kurekodi, kwa sababu kabla ya kurekodi wengi hujibu hapana. Muda wa kufikiri kabla ya kufuta rekodi umeandikwa kwenye fomu. Na ndugu wanaokuja wawili huhojiwa kwanza yule ambaye familia imesema hana mengi ya kueleza.